Nimekatika ligamenti ya goti. Daktari anasema upasuaji, fizio anasema mazoezi kwanza. Niko Dodoma, naombeni ushauri

#1 FundiPaa_Nzuguni

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho, nimeandika nikiwa na mawazo mengi.

Mimi ni fundi wa kupaua, miaka 33, naishi Nzuguni. Wiki tano zilizopita tulikuwa na bonanza letu la Jumapili, kiwanja cha vumbi. Nilikuwa nafukuzia mpira, nikafunga breki nigeuke kushoto, mguu wa kulia ukabaki pale chini kama umepigiliwa msumari, mwili ukageuka peke yake. Nikasikia "pwa!" ndani ya goti. Hakuna aliyenigusa. Hadi saa mbili usiku goti lilikuwa limeumuka kama andazi.

Kesho yake nikapelekwa kwa mama mmoja anayechua. Maji ya moto, mafuta, anavuta mguu. Nililia mbele ya mke wangu. Siku ya nne nikaenda hospitali, wakapiga eksirei, wakasema mfupa uko salama, nikapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa nitakuwa sawa. Nikawaamini. Baada ya wiki mbili nikarudi site kule Mtumba. Nikiwa kwenye ngazi goti likaachia tu, bila kuuma wala kutoa taarifa. Nilidaka mbao. Nisingeidaka, leo mngekuwa mnasoma habari nyingine.

Ndipo nikamwona daktari bingwa wa mifupa. Alilishika goti, akauvuta mguu mbele kwa mikono yake, akarudia kwenye mguu mzima kulinganisha, akaniandikia kipimo cha picha cha MRI. Majibu: ACL, ile ligamenti ya katikati ya goti, imekatika yote, na meniskasi ya ndani (pedi iliyo kati ya mifupa ya goti) ina mpasuko mdogo. Akasema suluhisho ni upasuaji, atanipa rufaa kwenda Dar. Nikapelekwa kwa fizio kusubiria, naye akaniambia usikimbilie kisu, fanya mazoezi miezi mitatu kwanza, wengine hupona hivyo hivyo.

Wote wawili wamesomea. Mimi nina watoto wawili, na kipato changu ni cha siku, nisipopanda juu hatuli. Nifuate lipi?

#2 BekiTatu

Pole sana mkuu. Fanya upasuaji mapema uwezavyo. Rodri wa Manchester City aliumia goti hilohilo Septemba 2024, akapasuliwa, Mei 2025 akawa amerudi uwanjani. Ligamenti ikikatika imekatika, mazoezi hayaungi kamba. Ukichelewa goti linasagika.

#3 FizioMakulu

Pole FundiPaa. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nipo hapa hapa Dodoma, na si huyo aliyekuona. Ngoja niandike kwa kirefu, maana jambo hili nakutana nalo kila wiki na naona watu wanavyoumia kwa kukosa maelezo.

ACL ni kamba fupi katikati ya goti. Kazi yake ni kuuzuia mfupa wa mguu usiteleze mbele ya mfupa wa paja, na kulishika goti unapozunguka. Kutembea barabara iliyonyooka hakuihitaji sana. Kugeuka ghafla, kuruka na kutua, kushuka penye mteremko, hapo ndipo inahitajika. Ulivyoumia ndivyo wengi wanavyoumia: hakuna rafu, mguu umegota, mwili umezunguka. Kuvimba ndani ya saa chache maana yake damu imevuja ndani ya goti. Goti lililosikika likilia na kuvimba siku hiyohiyo lisiruhusiwe kurudi kazini kwa sababu ya eksirei peke yake, kwa sababu eksirei inaonyesha mfupa, ligamenti haionyeshi.

BekiTatu, nakuheshimu, ila hapo kwenye "mazoezi hayaungi kamba" pana nusu ya ukweli. Mara nyingi kamba haiungi, kweli. Lakini goti halishikiliwi na kamba peke yake. Misuli ya paja, mbele na nyuma, ikiwa na nguvu na ikifundishwa kuitikia kwa wakati, inaweza kuibeba kazi kubwa. Ndiyo maana wapo watu wanaotembea na ACL iliyokatika na hawajui.

Utafiti wa Sweden uliotoka 2010 uliwachukua watu 121 wa miaka 18 hadi 35, wachangamfu ila si wachezaji wa kulipwa. Nusu wakapasuliwa mapema kisha mazoezi. Nusu wakaanza na mazoezi, kwa makubaliano kwamba atakayeona goti bado linamsumbua atapasuliwa baadaye. Baada ya miaka miwili hali ya magoti ya makundi yote mawili ilikuwa sawa. Kati ya 59 walioanza na mazoezi, 23 walikuwa wameshaenda kupasuliwa. Kufika mwaka wa tano walikuwa 30. Yaani karibu nusu hawakuhitaji kutengenezewa kamba mpya, na kwa wastani hali ya magoti ya makundi yote mawili ilibaki sawa.

Lakini isomeni na ya pili. Uingereza, 2022, wagonjwa 316. Hawa hawakuwa wameumia jana, walikuwa watu ambao goti linaendelea kuachia. Hapo waliopangiwa upasuaji walikuwa na hali nzuri kuliko waliopangiwa mazoezi, walipopimwa baada ya miezi 18.

Kwa hiyo daktari wako na fizio wako hawapingani kama unavyodhani. Nina swali moja: ulimwambia fizio kwamba kazi yako ni kupanda juu ya mapaa?

#4 FundiPaa_Nzuguni

Hapana. Hakuniuliza, na mimi nilisema tu "nafanya ujenzi". Nilidhani goti ni goti.

#5 FizioMakulu

Rudi ukamwambie. Goti ni lile lile, ila maisha linayobeba si yale yale. Karani goti likiachia anashika meza. Wewe likiachia uko juu ya kenchi. Hilo linabadilisha hesabu yote.

#6 MwalimuNetiboli

Pole kaka yangu. Mimi nilifundisha Kongwa, nilikuwa nacheza netiboli hadi ngazi ya mkoa. Niliumia goti la kushoto nikitua baada ya kudaka mpira, na baadaye nikaambiwa sisi wanawake tunaumia ACL zaidi ya wanaume kwenye michezo inayofanana. Nilipasuliwa Dar, upasuaji wa matundu madogo, wakachukua kano nyuma ya paja langu wakatengeneza kamba mpya. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri na sina la kulaumu.

Kilichoniangusha ni baada ya pale. Nilidhani matibabu yameisha. Kliniki ya mazoezi ilikuwa mbali, nauli ya kila wiki ikanishinda, nikakaa nyumbani nimeweka mto chini ya goti kwa sababu likikunja kidogo haliumi. Wiki sita. Nilipokuja kusimama, goti halinyooki. Niliteseka miezi mingi kulirudisha, na hadi leo halijanyooka kama la kulia. Nikisimama darasani vipindi vitatu mfululizo natamani kukaa chini.

Ule mto ndio ulinimaliza. Nyumba nzima walikuwa wananihurumia na kuuweka vizuri. Nawaambia kila ninayemsikia anaenda kupasuliwa: usiweke kitu chini ya goti, weka taulo lililoviringishwa chini ya kisigino ili goti linyooke lenyewe. Kama huna uhakika wa kufanya mazoezi baada ya upasuaji, usikubali tarehe mpaka uwe umeupata.

#7 BekiTatu

Mwalimu pole sana. Hilo sikulijua. Nilikuwa nadhani ukishatoka chumba cha upasuaji umemaliza.

#8 FizioMakulu

Mwalimu ameandika kitu ambacho nikikisema mimi watu huona najitetea kazi yangu. Swali la "upasuaji au mazoezi" limekaa vibaya tangu mwanzo. Mazoezi yapo njia zote mbili. Unayepasuliwa utafanya mazoezi kabla, utafanya na baada, na baada ni miezi 9 au zaidi kabla ya kurudi kwenye michezo ya kugeuka. Kuna utafiti wa Norway wa 2016: kila mwezi ambao mtu aliongeza kusubiri kurudi mchezoni, hadi mwezi wa 9 baada ya upasuaji, ulipunguza kuumia upya kwa takriban nusu. Rodri alikuwa na watu wanaomshughulikia goti asubuhi hadi jioni. Sisi tunajipanga kwa nauli ya daladala.

Na kabla ya upasuaji, goti linatakiwa liwe limetulia: uvimbe umeshuka, linanyooka lote, msuli wa mbele ya paja umeamka. Goti lililovimba na kukakamaa likipasuliwa, linaweza kukakamaa zaidi.

#9 MzeeWaBahi

Mbukwenyi. Mimi ni mkulima wa mpunga, umri umekwenda. Miaka 14 iliyopita nilianguka na pikipiki kwenye tope, goti likachanika hiyo kamba mnayoisema. Niliambiwa Dar, sikuwa na uwezo. Kijana mmoja wa mazoezi hospitalini alinifundisha kukaa na kuinuka kwenye kigoda kwa mguu mmoja, kupanda na kushuka tofali, kusimama mguu mmoja nikiwa nimefumba macho. Nilifanya asubuhi na jioni mwaka mzima kama nilivyokuwa nafuata maji.

Goti halijaniachia tena tangu mwaka ule. Nalima. Ila nimeacha vitu. Sikimbii majarubani, sirukii matuta, na pikipiki anaendesha mwanangu. Wakati wa baridi linauma. Nimeridhika, lakini nisingependa kijana adhani nilipona bila kulipa kitu.

#10 FundiPaa_Nzuguni

Shikamoo mzee. Asante sana. Sasa nitajuaje kama mimi ni wa njia yako au ya mwalimu? Maana nikisoma kila mmoja namwona ana haki.

#11 FizioMakulu

Goti lako litakuambia, ukilipa nafasi ya kusema ukweli. Yaani miezi mitatu ya mazoezi ya kweli, si kuzungusha mguu kitandani. Wiki za mwanzo: kulinyoosha, kuminya msuli wa paja, kushusha uvimbe kwa barafu. Kisha kigoda, tofali, kupanda hatua. Kisha usawa, kisha kuruka na kutua kwa hatua, mtu akikuangalia. Muda huo wote hakuna kupanda paa. Sisemi panda kidogo, nasema usipande kabisa.

Mwisho wa muda huo tunaangalia jambo moja kuliko yote: je, bado linaachia? Maumivu kidogo tunayavumilia, uvimbe kidogo baada ya kazi tunaushughulikia. Kuachia hatukuvumilii. Kila linapoachia mifupa inateleza na kuisaga meniskasi, zile pedi mbili zinazobeba uzito wako, na wewe tayari moja ina mpasuko.

Na kuna mambo hayasubiri miezi mitatu. Goti likikwama, haliwezi kunyooka kabisa kama mlango uliowekewa kabari, rudi kwa daktari wiki hiyohiyo, huenda meniskasi imejikunja ndani. Kigimbi kikivimba na kuuma, hasa baada ya upasuaji, nenda hospitali siku hiyo, inaweza kuwa damu imeganda. Kifua kikibana pamoja na hilo, usingoje asubuhi.

#12 Dereva_NjiaYaKondoa

Mimi ndiye niliyekwama kama mlango. Naendesha lori. Baada ya kuumia nilikaa mwaka mzima, goti linaachia kila nikishuka kwenye kabini, nikisema litazoea. Sikupasuliwa na sikufanya mazoezi. Siku moja nikiwa nashusha mzigo Kondoa likaachia na halikunyooka tena. Nilirudi Dodoma nimelala nyuma ya gari la mtu. Meniskasi ilikuwa imechanika hadi kipande ikabidi kikatwe kitolewe. Daktari aliniambia kwa upole kwamba ningekuja mapema labda ingeshonwa.

Kwa hiyo mkuu, mzee wa Bahi alichagua mazoezi akayafanya. Mimi sikuchagua kitu. Watu wanatuchanganya, wanasema wote "tumekaa bila upasuaji".

#13 Mama_Kizota

Naombeni nami niulize. Kijana wangu ameumia ligamenti ya pembeni ya goti, upande wa ndani. Naye apelekwe Dar?

#14 FizioMakulu

Mama, hiyo ya ndani ni jamaa mwingine kabisa. Ina damu nyingi na mara nyingi inapona yenyewe kwa kufungwa vizuri na mazoezi, wiki kadhaa. Ila apimwe na daktari aone kama ni hiyo peke yake, kwa sababu wakati mwingine huumia pamoja na ACL. Na tafadhali asichuliwe kwa nguvu siku za mwanzo. Goti lenye damu ndani halitaki maji ya moto wala kuvutwa. Wazee wetu wanajua mengi na nawaheshimu, lakini hili nimeliona likiharibu magoti ya vijana na linaniuma.

#15 FundiPaa_Nzuguni — MREJESHO, wiki ya sita ya mazoezi

Wakuu nipo. Nilirudi kwa fizio nikamweleza kazi yangu yote, nikamwonyesha hadi picha za site. Alikaa kimya kidogo, akasema angejua angeniongoza tofauti tangu siku ya kwanza. Ameniwekea mpango na amenikataza ngazi.

Bosi wangu amenipa kazi ya kukata mbao chini na kupima. Hela ni nusu. Mke wangu ameanza kuuza zabibu barabarani asubuhi, sikumwomba. Kigoda na tofali nafanya hapo uani, mwanangu wa miaka sita ananihesabia na hakubali nikiruka namba.

Uvimbe umeisha. Goti linanyooka lote. Paja la kulia lilikuwa limekonda, sasa linarudi.

#16 MzeeWaBahi

Endelea mwanangu. Usiache jioni.

#17 FundiPaa_Nzuguni — MREJESHO, mwezi wa nne wa mazoezi

Naandika nikiwa nimetulia. Miezi mitatu nimeimaliza na ziada. Kwenye tambarare siachwi na mtu, nimetembea hadi Ihumwa bila shida. Fizio akasema sasa tujaribu ngazi, hatua nne tu kutoka chini, yeye amesimama pembeni. Kupanda safi. Kushuka, nikageuka kidogo kuchukua nyundo kama nifanyavyo siku zote, goti likaachia. Tulirudia wiki iliyofuata, likaachia tena mahali palepale.

Sikukasirika. Mwanzoni nilitaka upasuaji kwa sababu ya mpira na kwa sababu nilisikia hadithi za wachezaji. Sasa mpira nimeshauacha moyoni. Nataka nipande kenchi na nishuke nikiwa mzima. Ningekuwa dereva wa bajaji, naapa ningebaki na goti hili kama lilivyo na maisha yakaendelea.

Daktari amekubali, ameniandikia rufaa ya MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar. Tumehesabu na mke wangu: miezi tisa bila paa, mimi nakata mbao chini, yeye na zabibu, kaka yangu wa Mpwapwa ameahidi gunia mbili za mahindi. Suala la bima nimelifuatilia mapema, vibali vimechukua muda kuliko nilivyodhani, kwa hiyo anayesoma hapa aanze na hilo.

#18 BekiTatu

Mkuu, nilikuambia ukapasuliwe siku ya kwanza. Leo unaenda kupasuliwa na bado naona nilikosea.

#19 FizioMakulu

Hukupoteza miezi hiyo, FundiPaa. Unaingia chumba cha upasuaji na paja lenye nguvu na goti linalonyooka. Wengi wanaingia bila hivyo.

Jambo moja la kumuuliza daktari wa upasuaji: kamba mpya itatoka wapi. Wanaweza kuchukua kano nyuma ya paja, au kipande cha kano chini ya kifuniko cha goti, au juu yake. Zote zinafanya kazi. Lakini ile ya chini ya kifuniko huwaachia baadhi ya watu maumivu wakipiga magoti, na wewe ukiwa juu ya bati unafanya kazi umepiga magoti nusu ya siku. Mwambie hivyo. Usiseme tu "ujenzi".

#20 FundiPaa_Nzuguni

Hilo sikuwahi kulifikiria. Nitamwambia, na nitamwonyesha zile picha. Napanda treni Jumapili. Fizio wangu amenipa karatasi ya mazoezi ya wiki mbili za mwanzo na tumepanga tarehe ya kurudi kwake kabla hata sijaondoka.

Mwalimu, taulo nimeshalipakia kwenye begi. Mto nimeuacha nyumbani.